Tulivyomlilia Bi Esta

Harufu ya vitunguu vilivyobabuka juu ya mkate ndiyo iliyotupokea kila Ijumaa, kabla hata Mama hajazima gari. Ilitoka kwenye duka la mikate lililokuwa pembeni mwa barabara, ikachanganyika na harufu ya samaki wa moshi na ya matango yaliyolowekwa kwenye siki, na mimi, mtoto wa Tanga niliyeletwa Houston nikiwa na miaka tisa, nilishuka garini huku mate yakinijaa mdomoni. Mtaa ule wa Wayahudi haukuwa mbali na fleti zetu za Sharpstown, lakini ukifika ungedhani umevuka mpaka. Kwetu nguo zilianikwa kwenye roshani, na watoto waligombana kwa Kihispania na Kiswahili mpaka maghribi. Kule nyumba zilikuwa fupi na pana, zimekaa kimya nyuma ya miti mikubwa, na wanaume walitembea kwa miguu wamevaa makoti meusi katika joto la Texas ambalo hata mbwa walilikimbia. Siku ya kwanza kuwaona niliuliza kwa sauti kama hawa watu hawasikii joto, na Mama akanifinya paja hadi nikanyamaza.

Aliyetupeleka huko alikuwa Bi Esta. Jina lake la Kiingereza lilitamkwa vingine, lakini Mama alilikataa siku ya kwanza tu. Alisema hawezi kumwita bibi kizee kwa jina tupu kana kwamba wamecheza wote kombolela, kwa hiyo akamwita Bi Esta, naye akalipokea jina hilo kama zawadi. Mama alikuwa mlezi wake wa nyumbani: alimwogesha, alimpikia, alimpa dawa, na Ijumaa alimpeleka sokoni nikitoka shule, maana kabla jua halijazama kila kitu kilipaswa kuwa mezani kwa ajili ya Sabato yao, na baada ya hapo hakuna kununua wala kuwasha jiko. Bi Esta alikuwa mdogo wa umbo, kucha zake nyekundu mwaka mzima, na alikaa kiti cha mbele amekumbatia mkoba akimwamuru Mama njia anayoijua. Nilimwamkia "Shikamoo," naye alijibu "Marahaba" kwa lafudhi iliyonichekesha kila mara.

Kununua kwake kulikuwa mchezo wa kuigiza. Mkate ule uliosukwa kama nywele aliuinua, akaugonga chini kwa kidole, akausikiliza, akaurudisha, akachukua mwingine. Mwenye duka la samaki alikuwa mzee kama yeye, na waligombana kila wiki bila kukosa. Bi Esta alimwambia samaki wake ni wa jana, naye akamjibu kwamba yeye Bi Esta ni wa juzi, wakacheka, akafungiwa samaki. Alitusimulia kwamba wazazi wake walishuka melini bandarini Galveston wakiwa hawajui neno moja la Kiingereza. Walianza kuishi mitaa ya karibu na mjini, kisha Wayahudi wenzao walipohama na maduka yao, nao wakafuata. Mama yake alikuwa akinunua kwa kunyoosha kidole, na yeye, mtoto, ndiye aliyemtafsiria. Aliponiona nikimsomea Mama maandishi madogo kwenye makopo alinitazama kwa muda mrefu. "Hiyo kazi naijua," aliniambia.

Jikoni kwake ndiko kulikokuwa na sheria za dini yao. Sufuria za nyama hazikukutana na sufuria za maziwa, si jikoni, si kwenye beseni la kuoshea, si kabatini. Za nyama zilitiwa alama nyekundu kwenye mpini, za maziwa alama ya buluu. Wiki ya kwanza Mama alikoroga uji wa maziwa kwa kijiko chekundu, na Bi Esta akapiga kelele utadhani nyumba inaungua. Baada ya hapo Mama alizilinda zile sufuria kuliko mwenyewe. Alisema watu wanaojua kwamba chakula kina heshima yake ni watu anaoweza kukaa nao, na baba yangu, dereva wa lori aliyeonekana nyumbani kwa nadra, alipouliza kwa nini siku hizi tunachagua sana vijiko, aliambiwa ale anyamaze.

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2017. Sisi tulikuwa ghorofa ya pili, tukaponea hapo. Kwa Bi Esta maji yaliingia sebuleni yakamfikia magotini, na kijana wa jirani alimbeba mgongoni. Zulia likang'olewa, kuta zikakatwa hadi usawa wa kiuno, na nyumba nzima ikanuka ukungu kwa miezi. Sufuria zilipona kwa kuwa zilikaa juu. Lakini mtaa haukupona. Kila Ijumaa kulikuwa na nyumba nyingine iliyobomolewa, na kila Ijumaa dukani Bi Esta aliulizia mtu na kuambiwa amehamia kwa mwanawe, mbali. Hata muuza samaki alifunga. Siku hiyo Bi Esta alisimama mbele ya mlango uliofungwa akasema, kama anaongea na mlango, kwamba siku yake ikifika hajui nani atakuja. Mama alimshika mkono. "Nitakuja mimi," alimwambia. Nililisikia kwa masikio yangu, na Mama si mtu wa kuahidi ovyo.

Mwanzo wa mwaka 2018 Mama alijifungua mdogo wangu, Saidi, akakaa ndani siku zake arobaini kama kawaida yetu, wakala wa kazi akapeleka mlezi mwingine kwa Bi Esta. Mama alimpigia simu mara kadhaa. Mwanzoni waliongea, wiki za mwisho simu ikawa haipokelewi kabisa. Mama alisema labda chaji, labda masikio yake. Arobaini ilipoisha, Jumapili ya kwanza, alimvika Saidi kofia mpya, akajitia udi, tukaondoka kwenda kumwonyesha Bi Esta mtoto.

Magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima. Mlango wa Bi Esta ulikuwa wazi, na watu wasiojuana walikuwa wakiingia mikono mitupu na kutoka wamebeba vitu. Mwanaume mmoja alitoka na taa ya kitandani kwa Bi Esta. Msichana alikuwa amevaa kofia ya majani ya Bi Esta, ile ya kutembelea, akajipiga picha. Mama alisimama kwenye majani na mtoto begani, na nilimwona anabadilika rangi. Hakuuliza lolote. Kwetu huulizi kama mtu amefariki. Ukikuta mlango uko wazi na watu wamejaa, unavua viatu unaingia. Alivua viatu. Nami nikavua vyangu, tukaingia pekupeku katikati ya watu waliovaa viatu vya mpira, na hapo ndipo nilipoona karatasi ndogo za bei. Zilibandikwa kila mahali: kwenye kiti chake, kwenye mto wake, kwenye kandambili zake za manyoya. Kandambili! Sijawahi kushtuka vile maishani. Nilidhani kuna jambo ambalo watu hutenda kwa siri na sisi tumewafuma, ila wao hawakuona aibu hata kidogo.

Mezani karibu na mlango alikaa dada mmoja kijana aliyeajiriwa kuuza. Mama alimwendea akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya msibani, kwamba anasikitika sana. Yule dada, bila kuinua macho, akamshukuru na kumwambia bafu la nyuma pia lina taulo nzuri. Tukaenda jikoni, na huko ndiko alikofikia mwisho wa uvumilivu, maana mama mmoja alikuwa anapanga sufuria za Bi Esta kwenye boksi, nyekundu ndani ya buluu, buluu ndani ya nyekundu, anazisukumiza zitoshe.

"No, no, no! Hii si ya hapa!" Mama alisema, lugha zote mbili zikimtoka pamoja. "Rukia, shika mtoto."

Alinikabidhi Saidi akazitoa zote, moja moja, akazitenga upya juu ya meza, huku upande mmoja na huku upande mwingine, mbele ya watu waliosimama midomo wazi. Yule mama wa boksi alidhani ni mbinu ya kumnyang'anya, akapiga hatua nyuma. Mama alizilipia sufuria zote, tukazipakia garini katika mifuko miwili tofauti. Alipofunga mlango wa gari ndipo akalia, kichwa kwenye usukani, na Saidi naye akaitikia.

"Hata siku saba hazijaisha," alisema. "Hata siku saba! Na kandambili zake wanaziuza. Na mimi sikumzika, Rukia. Nilimwambia nitakuja."

Kwa hiyo matanga yakafanyika kwetu, Sharpstown. Mama alisukuma makochi ukutani, akatandika mikeka na mashuka, akapika pilau kwenye sufuria kubwa ya kuazima. Wanawake walijaa hadi kwenye ngazi. Kulikuwa na wa Tanga na wa Dar, kulikuwa na wawili wa Kongo wa ghorofa ya chini, na kulikuwa na Mama Njeri, nesi wa Kenya, jirani yetu wa ukutani na rafiki mkubwa wa Mama. Bi Mwajuma, aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri, alikuwa na tatizo.

"Mwanaisha mwanangu, hitma hatuwezi kumsomea. Marehemu alikuwa Myahudi."

"Basi tusisome, Bi Mwajuma. Tukae tu, tule, tumtaje. Hata kumtaja mtu kuna dini?"

"Mimi nitaomba kivyangu," alisema Mama Njeri. "Aki huyo shosho nilikuwa nimempenda. Ile siku alikuja hapa akaniambia nimenona vizuri, nani mwingine hu-say hivyo America?"

Wakamtaja. Mama alieleza ugomvi wa samaki, akaigiza sauti zote mbili. Alieleza mkate unavyogongwa. Mama Njeri alilia kuliko wote, akaanza kuimba kwa Kikuyu, na wanawake ambao hawakuwahi hata kumwona Bi Esta wakalia kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake, kule nyumbani, aliyezikwa bila yeye kuwepo. Mimi niligawa maji. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulikuwa msiba wa kwanza kuuona Marekani.

Ijumaa iliyofuata Mama alitaka tukanunue mkate uliosukwa, kwa kumkumbuka. Duka lilikuwa limejaa watu wa haraka ya kabla ya jua kuzama. Mama aliinua mkate, akaugonga chini, akausikiliza, na simu ikaita ndani ya mkoba wake. Akaitoa. Jina kwenye kioo lilikuwa Bi Esta, na picha yake yenye kucha nyekundu.

"Inna lillahi!" Mama alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Galveston. Mkate ukaenda huku, simu kule. Watu wote wakageuka. Mtu mmoja akauliza kama aite ambulensi. Mimi niliiokota simu, nikauliza kwa Kiingereza ni nani anayeongea.

"Unafikiri ni nani?" ilisema sauti, yenye hasira ileile. "Simu ilikuwa ndani ya boksi, nimeipata leo. Mama yako mbona hajaniletea mtoto?"

Bi Esta alikuwa Dallas. Binti yake alikuwa amemhamishia kwenye nyumba ya wazee, karibu naye, kwa kuwa nyumba ile ya mafuriko ilikuwa ibomolewe. Nilipomweleza Mama hayo garini, kilichokuja hakikuwa furaha. Kilikuwa ghadhabu.

"Yu hai? Mtu yu hai na sufuria zake zinauzwa? Basi hajui. Wamemtoa kwake wakamwambia anaenda kutembea, huku nyuma wanamuuzia kandambili!" Akaniangalia. "Tunamfuata. Atakaa na sisi. Wewe utalala sebuleni."

Mama Njeri ndiye aliyetuendesha Jumapili. Alipoambiwa habari hizo alikaa chini. "Woi! Kwani nilimlilia akiwa anakula lunch?" Lakini alikuwa na dada yake huko Dallas na hakutaka kulikosa jambo hili, hivyo tukaondoka asubuhi, saa nne nzima za barabara iliyonyooka. Mama hakusinzia. Alikuwa akipanga kitanda kitakaa wapi, jiko litagawanywa vipi, atamwambia nini yule binti asiye na haya. Mifuko miwili ya sufuria ililia nyuma kila tulipopita kwenye shimo.

Tulimkuta amekaa dirishani, kucha nyekundu. Alimchukua Saidi kabla hajatusalimia. Mama alipiga magoti mbele yake, akaweka mifuko chini, mmoja huku, mmoja kule, akamwambia kwa upole, kama unavyompa mgonjwa habari mbaya, kwamba vitu vyake vimeuzwa vyote lakini hizi amezikomboa, na kwamba leo anakwenda nyumbani pamoja na sisi.

Bi Esta alizitazama sufuria, akacheka mpaka Saidi akaruka.

"Mimi ndiye niliyewaambia wauze. Hapa sina jiko, chakula kinaletwa kwenye sinia. Nibaki nazo za nini?"

"Na kandambili?"

"Na kandambili. Zilikuwa zinanibana."

Nilidhani Mama amekwisha kushtuka mwaka ule, lakini uso wake ulinionyesha kwamba habari ya kifo ilikuwa nafuu. Mtu kufa, hilo Mama alilielewa. Mtu kukaa akiwa na akili zake akaagiza wageni waingie chumbani kwake na kuchukua mto wake, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka. "Hukuniaga," alisema mwisho. Bi Esta akasema Mama alikuwa uzazini, na yeye mwenyewe hajui kuaga, na simu ikapotea. Hizo sufuria, akasema, chukua upike. Changanya zote ukitaka. Mama akatikisa kichwa kwa hofu. Mama Njeri, ambaye hawezi kuvumilia ukimya, aliropoka.

"Na vile tulikulilia!" alisema kwa Kiingereza. Mama alimkodolea macho, ila maneno yalikuwa yamekwisha kutoka.

"Mlinilia?" Bi Esta aliuliza. "Mimi?"

Mama aliinamisha kichwa. Nilijua anachokiogopa. Kumfanyia mtu aliye hai matanga ni kisirani, ni kumwitia kifo, na tulikuwa tumefanya hivyo na pilau juu yake. Akaeleza kwa sauti ndogo: magari, mlango wazi, mikeka, wanawake. Bi Esta hakumkatiza. Alimrudisha Saidi kwangu ili mikono yake iwe huru, akamsogelea Mama.

"Walikuja wangapi?"

"Nyumba ilijaa, Bi Esta. Hadi kwenye ngazi."

"Nani alilia zaidi?"

Mama Njeri akainua mkono kama yuko shule.

"Mlisema nini juu yangu? Semeni ukweli."

Mama alisema ukweli, pamoja na samaki, akaigiza tena sauti zote mbili, na Bi Esta akacheka, akasahihisha maneno ya muuza samaki, kisha bila kubadilisha uso machozi yakaanza kumtiririka. Alisema mume wake alizikwa na ukumbi mzima, kwa kuwa wakati ule walikuwepo wote. Sasa marafiki zake ama wamekufa ama mvua imewatawanya. Alikuwa akilala hapa akijiuliza kama kutakuwa na mtu zaidi ya binti yake. "Anzeni tena mwanzo," akasema. "Mlivyotandika mikeka." Tulirudi Houston bila yeye. Nilibaki na kitanda changu, na Mama hakumtukana tena binti wa watu.

Mwaka uliofuata tulihamia Cedar Hill kwa kazi ya Baba, tukawa karibu naye, na kila tulipomtembelea alimwambia Mama amsimulie msiba wake. Kisha ikaja 2020 na milango ikafungwa. Tulimwona kupitia kioo cha dirisha mara moja, mara mbili, halafu hata hilo likakatazwa. Alifariki mwaka uleule. Mazishi tuliyaona kwenye simu ya Mama, iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari: binti yake peke yake, amevaa barakoa, na wanaume wachache wamesimama mbali mbali utadhani wamegombana. Dakika chache ikawa imekwisha. Mama alikuwa amevaa kanga na kujifunika kichwa, amekaa sakafuni mbele ya simu, hana pa kwenda. Siku ya pili yake binti alipiga. Alikuwa amekaa matanga yao ya siku saba nyumbani, hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Kwa muda alilia tu. Halafu akasema mama yake alimwambia jambo ambalo yeye alidhani ni akili za uzee, kwamba asihangaike na mazishi, kwamba yeye ameshaliliwa, kule Sharpstown, na nyumba ilijaa. Akauliza kama ni kweli. Akauliza nani alilia zaidi.

Siku hizi milango imefunguka. Misiba ya Waswahili hapa Dallas inafanyika kwenye kumbi za kukodi, viti vimepangwa, watu wanafika na magari yao na kuondoka kwa saa zao, na mtaa ule wa Houston una nyumba mpya zilizoinuliwa juu ambazo sijui wanakaa nani. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kutuma pole kwa simu. Lakini msiba mmoja uliotandikiwa mikeka, ukapikiwa, ukaliliwa kwa lugha nne, ninaujua, na mwenyewe aliupata wote, ukamfaa kwa miaka miwili. Asubuhi ile yule binti alipouliza, Mama aliniashiria nifunge mlango, akakaa vizuri, akaanza mwanzo, pale alipotandika mikeka.